Kipupwe cha Kariakoo: Ua, Ukili na Furaha za Kila Siku katika Historia ya Dar es Salaam



1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Historia ya Kariakoo imeandikwa mara nyingi, lakini kwa sehemu kubwa waandishi wake wameishia barazani. Tunaijua Kariakoo ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilicholipa eneo hili jina lake. Tunaijua Kariakoo ya soko lililofunguliwa mwaka 1923, na ile ya TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Hiyo ni Kariakoo ya wanaume wa siasa na biashara, na hatuna nia ya kuipunguzia heshima yake.

Mhadhara huu unakusudia kupita barazani, kufuata ukumbi, na kufika uani. Tunataka kuangalia kazi za nyumbani na ufundi wa mikono, pamoja na furaha ndogondogo za wakazi wa Kariakoo, katika majira mamoja ya mwaka, yaani kipupwe, na hasa mwezi wa Julai. Madai yetu ni matatu. Kwanza, kipupwe kilikuwa msimu wenye ratiba yake ya kazi za nyumbani, na ratiba hiyo ni sehemu ya historia ya mji. Pili, kazi hizo hazikuwa pambo la maisha bali zilikuwa uchumi, na baadaye zikawa nguzo ya siasa. Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha, ua wa nyumba ya Kariakoo ulikuwa mojawapo ya shule kubwa za Kiswahili cha mjini, na kutoweka kwake ni suala la isimu kama lilivyo suala la ujenzi.

2.0 Kipupwe: Neno na Majira

Mwaka wa pwani yetu haukugawanywa kwa baridi na joto kwanza, bali kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma tangu karibu Desemba hadi Machi, masika hunyesha kati ya Machi na Mei, kusi hushika tangu karibu Juni hadi Septemba, na vuli hunyesha mwishoni mwa mwaka. Katikati ya pepo hizo mbili huja tanga mbili, wakati upepo haujaamua uende wapi. Kipupwe ni ule wakati wa ubaridi na ukavu ulio ndani ya kusi, tangu Juni hadi Agosti.

Ubaridi wenyewe ni wa kiasi. Katika usiku wa Julai jijini Dar es Salaam kipimo hushuka hadi karibu nyuzi 18 au 19 za Selsiasi, na mchana hupanda tena hadi karibu nyuzi 28 au 29. Mtu wa Njombe au wa Makete, anayeamka na kuona sakitu shambani, atacheka akisikia mtu wa Kariakoo analalamika kwamba anaganda. Hata hivyo baridi hupimwa kwa mazoea kabla ya kupimwa kwa kipimajoto. Mwili uliokaa katika joto la Februari, lenye nyuzi zaidi ya 30 na unyevu mwingi, huiona Julai kuwa majira mengine kabisa. Jua nalo hutua karibu nusu saa mapema kuliko Januari, na usiku huwa mrefu kidogo. Mambo hayo mawili, ubaridi na urefu wa usiku, yalitosha kubadili mwenendo wa nyumba nzima.

Katika tafsiri na katika vitabu vya shule, kipupwe limetwishwa mzigo mwingine. Watafsiri wa hadithi za Ulaya hulitumia kwa majira ya theluji, wakati miti inapopukutisha majani na watu wakajifungia ndani. Tafsiri hiyo si kosa, kwani kila lugha hukopesha maneno yake kwa dhana mpya. Lakini imemfanya msomaji kijana alione neno hili kuwa la kigeni, la nchi za mbali, kana kwamba bibi yake mwenyewe hakuwahi kuishi ndani ya kipupwe. Tofauti ya msingi ni hii: kipupwe cha Ulaya huwaingiza watu ndani, na kipupwe cha Kariakoo huwatoa nje. Masika yamekwisha, matope yamekauka, mbu wamepungua na jua la mchana halichomi. Ni wakati wa kukaa uani tangu asubuhi hadi jioni bila kukimbilia kivuli.

Aidha, Julai ina uzito wake katika kalenda ya Waswahili. Mwaka wa jua wa pwani, wenye siku 365 na uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, huanza kwa Nairuzi au Siku ya Mwaka. Makunduchi, kisiwani Unguja, Mwaka Kogwa husherehekewa katika nusu ya pili ya Julai. Kwa hiyo mwezi ambao katika kalenda ya ofisini ni wa saba tu, katika hesabu ya mabaharia na wakulima ulikuwa mlango wa mwaka mpya. Kufagia, kukarabati na kutandika upya kulikuwa na maana inayozidi usafi.

3.0 Nyumba ya Kariakoo na Ua Wake

Tawala za kikoloni, ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza, ziliugawa mji katika kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga kanda ya Waafrika na zile nyingine. Ng'ambo ya uwanja huo ndipo Kariakoo ilipopimwa kwa viwanja vilivyonyooka, na mitaa yake ikabeba majina yanayosomeka kama kitabu cha jiografia na historia: Kongo, Nyamwezi, Sukuma, Pemba, Lindi, Mahiwa, Swahili, Msimbazi.

Nyumba iliyojengwa katika viwanja hivyo inajulikana sana. Mbele kuna baraza. Mlango hufunguka katika ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, na pande zake mbili kuna vyumba, aghalabu vitatu kila upande. Mwisho wa ukumbi kuna ua uliozungushiwa ukuta au makuti, wenye jiko, stoo, choo na mahali pa kuogea. J.A.K. Leslie, aliyeuchunguza mji huu katika miaka ya 1950 na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1963, aliiona nyumba hii kuwa kiini cha maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam, kwa sababu ilikuwa makazi na kitega uchumi kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba aliishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Mji ulipopanuka kutoka watu wapatao 69,000 katika sensa ya mwaka 1948 hadi karibu 129,000 katika sensa ya mwaka 1957, ni vyumba hivyo vilivyowapokea wageni.

Nyumba za awali zilikuwa za miti na udongo. Boriti zilikuwa za mikoko, ambayo mingi ilitoka delta ya Rufiji. Fito zilifungwa kwa kamba, udongo ukakandikwa, na paa likaezekwa makuti, baadaye madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati. Nyumba ya namna hiyo huumizwa na masika. Mvua hula udongo wa chini ya ukuta, makuti huoza, na chokaa hubanduka. Ndiyo maana Juni na Julai vilikuwa vipindi vya kukandika upya, kupaka chokaa, kubadili makuti, kukaza kamba za vitanda na kuanika magodoro ya sufi. Kazi ya kukandika ilihitaji mikono mingi, na mikono ikikutana, chakula hupikwa na maneno huzungumzwa. Hapa tunaona jambo litakalojirudia katika mhadhara huu: ni vigumu kutenga kazi na furaha.

4.0 Mkono na Ukili

Miongoni mwa kazi za mkono zilizofaa kwa majira haya, hakuna iliyozidi ususi. Mkeka mwembamba husukwa kwa ukindu, yaani majani ya mkindu, na jamvi, vikapu na vyombo vigumu husukwa kwa miyaa. Majani huletwa mjini mabichi au makavu kutoka mashamba na mabonde ya Uzaramo. Huanikwa juani hadi yaache ukijani, kisha huchanwa kuwa chane za upana mmoja. Chane zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa katika rangi ya dukani, huanikwa tena, na hulowanishwa kidogo kabla ya kusukwa ili zisivunjike. Msusi husuka utepe mrefu uitwao ukili. Ukili ukitosha, huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, yaani sindano kubwa, hadi upatikane mkeka, kisha mkeka hupigwa pindo.

Ukifuatilia hatua hizo utaona kwa nini kipupwe kiliwafaa wasusi. Wakati wa masika majani hayakauki, nayo huota ukungu. Wakati wa kaskazi jua kali huyakausha upesi mno, na chane hukatika mkononi. Kipupwe hutoa jua la wastani mchana na umande wa kutosha asubuhi. Mwanamke aliyeamka alfajiri aliikuta chane aliyoiacha nje imelainika kwa umande. Hekima hii haikuandikwa na mtu, lakini ilikuwa elimu ya vitu na hali ya hewa, na ilirithishwa kwa vitendo kutoka kwa nyanya kwenda kwa mjukuu.

Ukili una sifa nyingine inayostahili kuzingatiwa: ni kazi isiyokataa kukatizwa. Msusi anaweza kuuweka chini akaangalie chungu, akauchukua tena akizungumza na jirani, akautembeza hadi barazani jioni. Haidai meza wala taa kali. Kwa hiyo ilikuwa kazi ya mtu mwenye kazi nyingine kumi. Msala wa kuswalia, mkeka wa kulalia wageni, kawa ya kufunikia chakula, kipepeo cha kupepea moto, vyote vilitokana na dakika zilizookotwa kati ya shughuli moja na nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Pamoja na ususi kulikuwa na sindano. Kofia za kudarizi zilishonwa tundu kwa tundu kwa muda wa wiki nyingi. Vitambaa vya mezani vilifumwa kwa uzi mweupe, na mashuka na foronya zilitiwa maua. Cherehani, neno lenye asili ya Kiajemi, iliingia barazani pamoja na mafundi wake, na mlio wake ukawa sehemu ya sauti za mtaa. Mtaa wa Kichwele, ambao baada ya uhuru uliitwa Mtaa wa Uhuru, ulijulikana kwa maduka ya kanga. Kanga hununuliwa kwa doti, hukatwa vipande viwili na kupindwa. Katika asubuhi za Julai kipande cha pili ndicho kilichokuwa koti la mwanamke wa Kariakoo, na usiku kikawa shuka la mtoto. Maneno ya kanga yamechunguzwa sana na wanafasihi wetu. Ni vyema tukumbuke kwamba kabla ya kusomwa kama fasihi, kanga ilivaliwa kama kinga ya baridi.

5.0 Jiko, Soko na Furaha Ndogo

Kipupwe kilibadili jiko pia. Kusi huchafua bahari, na vyombo vidogo havithubutu kwenda mbali. Siku za upepo mkali samaki wabichi hupungua na bei hupanda. Mpishi wa Kariakoo alielekea kwenye dagaa wakavu, kunde, maharage, na mchicha uliolimwa katika bonde la Msimbazi, hatua chache kutoka mtaani. Kwa upande mwingine, ni majira ya mavuno. Mpunga wa masika umekwisha kuvunwa na mchele mpya upo sokoni. Machungwa ya Muheza huteremshwa kwa magunia, yakamenywa kwa kisu kwa ustadi hadi ganda litoke utepe mmoja. Mtoto wa Kariakoo hakuhitaji kalenda kujua kwamba ni Julai, kwani maganda ya machungwa barabarani yalimwambia.

Asubuhi ilianza kwa mchi na kinu, kwa mchele uliolowekwa usiku na kutwangwa kwa ajili ya vitumbua, na kwa moshi wa mkaa. Chai ilitiwa tangawizi kwa wingi kuliko miezi mingine. Jioni alipita muuza kahawa na dele lake, akigonganisha vikombe ili kujitangaza, na kahawa chungu ikanywewa kwa kashata. Barazani palikuwa na bao, karata na dhumna. Tangu mwaka 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza, redio moja ya mwenye nyumba ilikusanya mtaa mzima. Uani, baada ya chakula cha usiku, watoto walijibanza karibu na jiko lenye makaa yaliyokuwa yakififia. Mmoja aliita, 'Kitendawili!' na wengine wakajibu, 'Tega!'

Katika baadhi ya miaka furaha hizo ziliungana na ibada. Mwezi mwandamo huzunguka katika majira yote, na kati ya mwaka 2012 na 2015, kwa mfano, Ramadhani ilizigusa siku za Julai. Saumu ya kipupwe ina sifa ya kuwa nyepesi, kwa kuwa kiu haimsumbui mfungaji kama wakati wa kaskazi, na futari huwahi kidogo kwa sababu jua hutua mapema.

Hatupendi hata hivyo kuchora picha ya peponi. Ua wa watu wa vyumba sita ulikuwa na choo kimoja. Maji yalitekwa na kubebwa. Kulikuwa na ugomvi wa zamu ya kufagia, wa mkaa ulioibwa, wa mtoto aliyempiga mwenziwe. Kipupwe kilileta vikohozi na mafua, na moshi wa jiko uliziumiza macho na vifua vya wapishi. Anayesifu maisha hayo bila kutaja nani aliyeamka saa kumi za usiku kutwanga mchele anasifu jasho la mwenziwe. Tunazungumzia furaha zilizopatikana ndani ya kazi ngumu, na huo ndio uzito wake.

6.0 Uani kama Uwanja wa Uchumi na Siasa

Lugha yenyewe inatusaidia kuthibitisha dai letu la pili. Tuangalie maneno matatu. Shughuli ni kazi inayomshika mtu, lakini katika Kiswahili cha Dar es Salaam ni sherehe pia: harusi, unyago, hitima. Upato ni sahani ya madini inayogongwa ngomani, na papo hapo ni utaratibu wa kuchangiana fedha kwa zamu. Na wanaochanga kwa namna hiyo husemwa kwamba wanacheza mchezo. Jamii iliyotumia jina moja kwa kazi na sherehe, jina moja kwa ngoma na akiba, na iliyouita uwekaji fedha kuwa mchezo, ilikuwa inatueleza jinsi ilivyoyaona mambo hayo. Kwayo hayakuwa na ukuta katikati.

Muundo huo ndio uliokuwa tayari TANU ilipowahitaji wanawake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2000, alishika uongozi wa sehemu ya wanawake ya chama. Hakuanza kwa kuandika barua za mialiko. Alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, na alivifuata vikundi vya namna hiyo, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango, sare na nidhamu. Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU, alionyesha kwamba wengi wa wanachama hao wa mwanzo hawakuwa na elimu kubwa ya shule. Walikuwa watu wenye shughuli zao, wakiuza vitumbua na vyakula vingine au wakipangisha vyumba, na walijua kusafiri kutoka ua mmoja hadi mwingine bila kushukiwa. Kadi ya chama ilipita njia ileile iliyopitwa na kawa ya chakula. Tunapoadhimisha Sabasaba kila mwaka, yafaa tukumbuke kwamba chama kilichozaliwa katikati ya kipupwe kilipata miguu yake uani.

Vivyo hivyo katika dhiki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nguo na chakula viligawiwa kwa kipimo mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, sabuni na kanga vilikuwa adimu, na neno foleni, linalotokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kupanga mstari, likawa la kila mdomo. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wale iliowaita wahujumu uchumi, na mwaka 1984 ikaanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam katika muongo huo, alieleza jinsi mishahara ilivyoshindwa kulisha familia, na jinsi maandazi, ushonaji, ususi wa nywele na upato vilivyoziba pengo hilo. Ufundi ambao takwimu za taifa hazikuuhesabu kuwa kazi ndio uliowalisha watumishi wa taifa.

7.0 Ua kama Shule ya Kiswahili

Nyumba moja ya Kariakoo ilikuwa na mpangaji Mzaramo, Mnyamwezi, Mndengereko, Mmanyema, Myao. Wanaume walijifunza Kiswahili bandarini, jeshini na ofisini. Wanawake na watoto walijifunza wapi? Walijifunza kando ya mafiga. Lugha ya kuazimana chumvi, ya kubembeleza mtoto wa mwenzio, ya kufundishana chane na ukili, ilibidi iwe moja.

Vyombo vyenyewe ni hifadhi ya historia ya lugha hiyo. Kinu, mchi, chungu, mwiko na figa ni maneno ya Kibantu. Sahani na birika yanatoka Kiarabu. Debe na chapati yametoka Bara Hindi. Meza ni ya Wareno. Msichana aliyetumwa kuleta birika juu ya meza, kando ya debe la maji, alitaja karne nyingi za mawasiliano ya Bahari ya Hindi katika sentensi moja bila kujua.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kazi yake kuhusu desturi za Waswahili ilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alitambua mapema kwamba mambo ya nyumbani yanastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule unaopewa mambo ya watawala. Mwana Kupona binti Mshamu alikwisha kulitambua hilo mwaka 1858, alipotunga utenzi wa kumwusia binti yake. Kamusi zetu, tangu ile ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na matoleo yaliyofuata, zimehifadhi mengi ya maneno haya. Lakini kamusi hueleza kitu kwa mstari mmoja. Humwambia msomaji kwamba ukili ni utepe uliosukwa. Haimwambii chane hulowanishwa kiasi gani, kwa nini ususi wa Julai ni bora kuliko wa Februari, wala msusi husema nini anapomsahihisha mwanafunzi wake. Maarifa hayo yamo katika mazungumzo, na mazungumzo yalihitaji ua.

8.0 Mabadiliko

Mwaka 1975 soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, lilichukua nafasi ya lile la zamani, na miavuli yake ya zege ikawa alama ya mji. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, katikati ya kipupwe kingine, moto uliliunguza soko hilo, na ukarabati mkubwa ukafuata. Lakini mabadiliko yaliyozigusa nyumba yalianza kabla ya hapo na hayakuwa na kelele. Tangu miaka ya 1990 nyumba za ukumbi na ua zimekuwa zikivunjwa moja baada ya moja, na majengo ya ghorofa yenye maduka chini na stoo juu yakachukua viwanja vyake. Ardhi imekuwa ghali kiasi kwamba ua ni anasa. Tarehe 16 Novemba 2024 mojawapo ya majengo ya ghorofa ya Kariakoo liliporomoka na kuua watu wengi, tukio lililoukumbusha mji mzima kwamba upandaji huo kwenda juu una gharama.

Mkeka wa plastiki hukaushwa kwa dakika chache na huuzwa rahisi. Hatuwezi kumlaumu anayeununua. Hata hivyo historia haiendi upande mmoja tu. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kikapu cha zamani kilipata hoja mpya ya kuwapo. Ufundi hufa pale usipohitajika tena, nao huweza kufufuka ukihitajika, mradi awepo anayeukumbuka. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu wanaoukumbuka ni wazee.

9.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, tumejaribu kuonyesha kwamba kipupwe si neno la kuazima kwa ajili ya theluji ya wengine, bali ni majira yenye kazi, vyakula, ufundi na sherehe zake katika moyo wa jiji hili, na kwamba kazi za uani zililisha familia, zikabeba chama, na zikakifundisha Kiswahili kizazi baada ya kizazi.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, wanafunzi wa isimu na historia wapewe kazi ya kurekodi istilahi za ususi, upishi, ushonaji na ujenzi wa nyumba za miti kutoka kwa mafundi wenyewe, kwa sauti na kwa picha, pamoja na hatua za kazi na si majina matupu. La pili, wahariri wa kamusi waongeze katika vidahizo vya aina hiyo mifano ya matumizi inayotoka katika vinywa vya mafundi. La tatu, nyumba chache zilizobaki zenye ukumbi na ua zipimwe na kuchorwa kabla hazijavunjwa. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi, ila zinahitaji kuwahi.

Dar es Salaam ya sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Wengi wao wanazungumza lugha iliyopikwa katika nyua ambazo hawajawahi kuziona. Mwanafunzi atakayetoka hapa kesho akiwa na daftari, akaenda kwa bibi wa jirani kumwuliza ukili huanzwaje, ajue kwamba yu katika kazi ya historia. Aende mapema asubuhi, kabla umande haujakauka, kwani wakati huo chane bado ni laini na fundi ana nafasi ya kufundisha.